Ganzi ya miguu, vidonda visivyouma na gharama za matibabu: ulizeni hapa, mimi ni nesi wa kliniki ya kisukari

nesi_wa_gozi (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni.

Wiki iliyopita alikuja kliniki mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, mwenye kisukari mwaka wa kumi na mbili sasa. Hakuja kwa ajili ya mguu, alifuata dawa zake za mwezi. Kwetu kila mgonjwa wa kisukari anavua viatu, hata kama amekuja kuchukua dawa tu, hivyo nikamwambia, "Baba, vua ndala tuangalie." Ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikagoma. Akaivuta kwa mkono, mguu mzima ukaja nayo. Nikapiga magoti. Msumari ulikuwa umepenya soli ya ndala na kuzama kwenye unyayo, pale chini ya kidole gumba. Ametoka nao nyumbani, akasimama nao kwenye daladala, akapanga nao foleni. Akaniambia, "Mwanangu, nilijua ni tope limeifanya ndala iwe nzito."

Yule mzee hakuwa mzembe. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na inaanzia mbali kabisa na moyo, yaani vidoleni na kwenye nyayo. Mara nyingi huanza kwa kuchomachoma na kuwaka moto usiku. Baadaye moto unapungua na mgonjwa anafurahi kwamba amepona, kumbe ganzi imeingia.

Napata maswali mengi kuhusu miguu, wodini, mtaani, hata msibani. Na kila swali lina lingine nyuma yake: itanigharimu kiasi gani? Nimeamua kufungua uzi. Ulizeni, nikitoka zamu najibu. Ila picha ya kwenye simu hainitoshi kusema mguu ni mzima, na sitamwandikia mtu dawa humu.

Moja nilimalize mapema. Wengi wanauliza "daktari wa miguu" anapatikana wapi. Hospitali zetu nyingi hapa Tanzania hazina mlango wenye kibao hicho, kazi yake imegawanywa. Mgonjwa wa kisukari mguu wake unaangaliwa kliniki ya kisukari. Fangasi, magaga na chunjua ni vya daktari wa ngozi. Mifupa na mguu uliopinda ni daktari wa mifupa, na viatu maalum na miguu bandia ni kwa mafundi wa viungo bandia, ambao wengi wao wamesomea TATCOT, chuo chao kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi. Ukikosea mlango utalipa kumuona daktari mara mbili, kwa hiyo pale mapokezi eleza tatizo lako badala ya kusema "miguu inaniuma" tu.

KijanaWaTandale

Sista, Mungu akubariki kwa uzi huu, nina jambo la haraka. Baba yangu ana miaka 63, ana kisukari. Kidole cha pili cha mguu wa kushoto kimebadilika rangi, ncha imekuwa nyeusi, na kuna kaharufu. Hakimuumi. Hataki hospitali kwa sababu rafiki yake alienda na kidole akarudi hana mguu. Mimi naendesha bodaboda, sina bima na yeye hana. Tunamwagia unga wa vidonge vya rangi mbili na tunamkandia maji ya moto yenye chumvi. Tuendelee au tubadilishe dawa?

nesi_wa_gozi

Kijana wangu, mpeleke kesho asubuhi, usisubiri wiki iishe. Weusi pamoja na harufu kwa mtu wa kisukari ni hali ya hatari. Akipata homa, mguu ukivimba au akianza kuchanganyikiwa, mpeleke usiku huohuo.

Maji ya moto acheni leo. Mguu wake hausikii joto. Mnaweza kumuunguza akiwa anawaambia yako sawa, na nimeshapokea miguu iliyobabuka namna hiyo. Na ule unga wa rangi mbili unagandamana juu, kidonda kinaonekana kimekauka huku chini usaha unasafiri. Oshani kwa maji safi ya kawaida, funikeni kwa gozi safi kavu (kile kitambaa cha hospitali cha kufungia vidonda), asikanyagie huo mguu, mje.

Kuhusu rafiki yake: ukichunguza utakuta alienda na mguu ambao ulishaoza ndani, na kidole ndicho kilichokuwa kinaonekana nje. Daktari akiwahi mara nyingi anasafisha au anaondoa kidole, mguu unabaki. Akichelewa, wadudu wanapanda kwenye mishipa ya nyayo kwenda juu na hapo anakata kuokoa uhai. Mwambie baba hivyo kwa heshima, tena akiwa ameshakula. Usimwambie mbele ya wajukuu.

Sasa hela. Ana miaka 63, yaani amevuka 60. Sera ya wazee ya mwaka 2003 inataka wazee wasiojiweza watibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji, chukua barua inayomtambulisha, beba kitambulisho cha NIDA au chochote kinachoonyesha umri, na ukifika uliza dirisha la wazee. Barua ikichelewa, nenda hivyohivyo. Muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ana ofisi yake na kazi yake ni kusikiliza watu kama nyie na kuidhinisha msamaha. Mwoneni KABLA bili haijawa ndefu. Wengi huenda siku ya kuruhusiwa, wakati deni limeshawafunga mdomo.

mamaK_Tanga

Mimi na kisigino. Nachoma chapati asubuhi na mihogo jioni, nasimama kutwa nzima. Nikitoka kitandani, hatua ya kwanza ni kama nakanyaga kigae cha chupa. Nikishazunguka kidogo inapoa, nikikaa na kunyanyuka inarudi. Nimepiga eksirei mara mbili, wakasema mfupa umeota. Sasa naambiwa nichomwe sindano. Sukari sina, nimepima.

nesi_wa_gozi

Pole dada. Maelezo yako, hasa hiyo hatua ya kwanza ya asubuhi, ni ya utando ule mgumu unaoshika kisigino na vidole kwa chini, ukichoka unavimba pale ulipojishika kwenye mfupa. Mfupa kuota kunaonekana hata kwenye eksirei za watu wasio na maumivu yoyote, kwa hiyo hela ya eksirei ya tatu ibaki kwenye unga wako wa chapati.

Fanya hivi kabla mguu haujagusa sakafu. Kaa kitandani, nyoosha mguu, pitisha kanga kwenye nyayo chini ya vidole, shika ncha mbili za kanga uvute taratibu kuja kwako hadi usikie inakaza kisigino na msuli wa nyuma. Hesabu hadi thelathini, legeza, rudia mara tatu. Jioni gandisha chupa ya maji ya plastiki, iweke chini uiviringishe kwa unyayo dakika kumi. Hii ya chupa ya barafu, mtu mwenye ganzi asiifanye! Na usipike ukiwa peku au na ndala nyembamba zilizolika. Vaa raba yenye soli laini hata jikoni.

Ni tatizo la miezi, linaondoka polepole, na wengi wanapona bila kukatwa wala kuchomwa. Sindano ipo na inasaidia kwa muda, ila huwa hatuanzii nayo, na kurudiarudia kunaweza kudhoofisha utando wenyewe.

mamaK_Tanga

Kanga ninazo za kumwaga. Naanza kesho, asante dada yangu.

Mwalimu_Kondoa

Mimi nachangia la panya, maana watu hawaamini. Shemeji yangu ana kisukari, alilala vizuri, asubuhi shuka lina damu na vidole viwili vimetafunwa. Mtaa mzima ukasema karogwa. Tulipoteza siku tisa kwa mtaalamu wa kienyeji kabla ya kufika hospitali.

nesi_wa_gozi

Mwalimu, pole sana kwa shemeji. Haya yapo na yameandikwa. Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye ameitafiti miguu ya wagonjwa wa kisukari kwa miaka mingi, alichapisha na wenzake mwaka 2005 taarifa za wagonjwa wa hapahapa Tanzania walioliwa miguu na panya usingizini. Waswahili tunasema panya hung'ata na kupuliza. Mwenye ganzi hata hahitaji kupuliziwa.

Hivyo mwenye ganzi alale na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, aoshe miguu kabla ya kulala isibaki na harufu ya chakula, na magunia ya mahindi yasiwe chumba anacholala. Usiku akilala na soksi safi zisizobana, ni vizuri zaidi.

Mtaita

Habari kutoka Voi. Mimi swali langu ni la pesa. Huku Kenya bima ya serikali ya NHIF ilienda, SHA ikachukua tangu Oktoba 2024. Mamangu ana vidole vimepinda na sugu kubwa kwa unyayo, ako na sukari. Kijana fulani anapita nyumbani anamkata hiyo sugu na wembe kwa shilingi mia mbili. Kliniki ni bei? Na nikisajili SHA wanashughulikia?

nesi_wa_gozi

Mtaita, karibu. Wembe uondoke nyumbani kwenu leo. Na kwa vijana wetu wa huku wanaopita na beseni, jiwe na rangi za kucha naomba msinichukie, ni kazi halali, ila mguu wenye ganzi haufai kuguswa na wembe uliotoka kwenye mguu mwingine. Sugu kwa mtu wa sukari ni alama kwamba sehemu hiyo inabeba uzito kupita kiasi, na nyuma yake mara nyingi kidonda kinajitengeneza. Nilishakwangua sugu ngumu kama soli ya kiatu, chini yake nikakuta shimo lenye damu iliyoganda na mgonjwa haelewi nashangaa nini. Inatakiwa ipunguzwe na aliyefundishwa, kwa kisu safi, na baada ya hapo kiatu kibadilishwe. Usipobadilisha kiatu, ndani ya wiki kadhaa sugu imerudi.

La SHA wenyeji watakujibu vizuri kuliko mimi.

Dawa_Moja_Msa

Mtaita, mimi niko kwenye zahanati Mombasa. Msajili mama SHA kwanza, usajili wenyewe ni bure. Akisajiliwa, huduma za msingi kwenye kituo cha level 2 na 3, yaani zahanati na kituo cha afya, zinalipwa na mfuko wa huduma za msingi, halipi chochote hapo. Kupimwa sukari, kuangaliwa mguu, kuanzia hapo ndiyo njia ya bei nafuu. Akihitaji level 4 kwenda juu, yaani hospitali, au kulazwa, hapo michango lazima iwe imelipwa. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, asiyeajiriwa anapimwa uwezo wake kwa maswali na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, ila analipa mwaka mzima kwa mkupuo. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Anzeni kuweka kidogokidogo sasa, msingoje mama alazwe.

Mtaita

Shukran sana. Wembe nimeshautupa.

BintiSongea

Dada nesi, mwanangu amezaliwa wiki mbili zilizopita, miguu yote imepinda kuingia ndani. Mama mkwe anasema nimnyooshe kwa mafuta ya nazi kila nikimwogesha, itajirudi. Mtu mwingine ameniambia ni operesheni kubwa ya milioni. Nalia tu usiku.

nesi_wa_gozi

Mama, futa machozi, mtoto wako umemleta wakati mzuri kabisa. Huo unaitwa mguu kifundo na unatibika. Njia inayotumika ni ya Ponseti. Daktari au fundi anaunyoosha mguu taratibu kwa mikono, anaufunga P.O.P (plasta ngumu), baada ya wiki anaifungua, ananyoosha tena kidogo, anafunga nyingine. Kwa kawaida ni kama P.O.P tano hadi saba. Watoto wengi wanakatwa kidogo kano ya kisigino kwa ganzi ya sindano, siku hiyohiyo mnarudi nyumbani. Operesheni kubwa uliyotishwa nayo wengi hawafiki huko.

Kazi ngumu inakuja baadaye, na ndipo akina mama wengi wanapokata tamaa kwa sababu mguu unaonekana umepona. Mtoto anavalishwa viatu vilivyounganishwa na chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi afike kama miaka minne. Ukiviacha mguu unarudi. Mafuta ya nazi mpake mwilini, mama mkwe mshukuru, ila wiki hii mpeleke hospitali ya mkoa akuandikie rufaa. Dar wapo CCBRT, kaskazini KCMC. Mtoto chini ya miaka mitano sera ya taifa inamsamehe malipo kwenye vituo vya serikali, sema hivyo dirishani bila aibu. Kwa hospitali za mashirika uliza kabla kama kuna mpango kwa ajili ya hawa watoto.

Na bajeti yako kubwa itakuwa nauli. Kila wiki, miezi miwili. Kaa na baba mtoto mlipange hilo kwanza.

Ughaibuni_MN

Salaam kutoka Minnesota. Nina la mama yangu, aliyekuja hapa Marekani mwaka juzi kwa green card. Ana kisukari, ganzi ipo. Nilimpeleka kwa mtaalamu wa miguu, kukatwa kucha tu na kuangaliwa, bili ikaja ikanikalisha chini. Nilidhani Medicare, bima ya serikali ya huku, inawahusu wazee wote.

Ughaibuni_MN

Najijibu mwenyewe baada ya kupiga simu siku tatu, labda itamsaidia mwingine mwenye mzazi huku. Medicare mgeni mwenye green card anaweza kujiunga akiwa na miaka 65 na ameishi hapa mfululizo miaka 5. Mama bado. Kwa wenye nayo: kukata kucha na kukwangua sugu kwa kawaida hawalipii. Lakini ukiwa na kisukari na imethibitishwa kwamba nyayo zimepoteza hisia, kuangaliwa miguu kila miezi 6 wanalipia, wao asilimia 80 na wewe 20 baada ya kumaliza kile kiwango cha mwaka unachotoa mwenyewe kwanza. Viatu maalum vya kisukari pia, jozi moja kwa mwaka na soli zake za ndani, daktari anayemtibu kisukari akitia saini. Kwa hiyo neno "ganzi" linatakiwa liandikwe kwenye faili. Mzazi akijibu "sijambo daktari" kwa adabu zetu, linakosekana na bili inakuja kwako. Mama nimempeleka kwenye kituo cha afya cha jamii wanapolipisha kwa kuangalia kipato. Tumepata nafuu kubwa.

nesi_wa_gozi

Ughaibuni, hilo la "sijambo daktari" lipo hata huku! Wazee wetu wanaona aibu kulalamika. Ndiyo maana sisi hatuulizi tu, tunapima. Kuna uzi mgumu wa plastiki, tunaugusisha kwenye nyayo hadi ujikunje, hapo unasukuma kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa amefumba macho, anasema "hapo" akisikia. Asiposikia, tunajua. Ni dakika tatu na hakuna damu inayotoka. Kama kliniki yako haikupimi hivyo angalau mara moja kwa mwaka, omba. Sema, "Naomba nipimwe hisia za miguu."

KijanaWaTandale

Sista, nimeenda. Nieleze hapa maana nimetoka huko nikiwa na hasira.

Hospitali ya kwanza tulifika saa moja asubuhi. Dirishani wakasema lipa faili kwanza. Nikasema ni mzee, wakasema barua. Barua sina, mtendaji alikuwa safarini. Baba amekaa kwenye benchi, mguu umefungwa gozi, nzi wanatua. Saa sita ndiyo nikakumbuka ulichoandika, nikauliza ustawi wa jamii. Mlinzi ndiye aliyenionyesha, korido ya nyuma karibu na maabara. Yule mama wa ustawi alimuuliza baba maswali kama kumi, nani anamlisha, nyumba ya nani, watoto wangapi, akaandika karatasi akagonga muhuri. Dakika ishirini. Niliumia, kumbe muda wote alikuwa hapo.

Daktari akaangalia, akaweka kidole juu ya mguu akitafuta mapigo, akasema damu bado inafika. Akatuandikia rufaa ya hospitali kubwa siku hiyohiyo.

nesi_wa_gozi

Pole mwanangu. Hasira yako ni ya haki. Barua ikikosekana mgonjwa wa namna ile alitakiwa aonwe kwanza, karatasi zifuate. Umefanya vizuri kutoondoka. Hayo mapigo juu ya mguu ni habari njema kubwa, maana damu ikifika dawa inafika.

Kipanga_Mbeya

Mimi sina kisukari ila nina fangasi katikati ya vidole, navaa gambuti mgodini saa kumi na mbili kwa siku. Nimepaka kila kitu. Na kucha ya kidole gumba imeota kuingia kwenye nyama, nimeikata pembeni kwa kuchimba, imezidi.

nesi_wa_gozi

Mkuu, krimu ya klotrimazoli asubuhi na jioni, na uendelee wiki mbili baada ya kuona pamepona. Wengi wanaacha siku ya tano muwasho ukiisha, ndiyo maana inarudi kila mwezi na hela inakwenda kila mwezi. Kausha katikati ya vidole kwa kitambaa, badilisha soksi katikati ya zamu, na uwe na jozi mbili za gambuti, moja ikivaliwa nyingine inakauka juani.

Kucha usichimbe pembeni. Unaacha kijiti ndani ambacho kinakua kuelekea kwenye nyama. Kata moja kwa moja, pembe zionekane. Hii ambayo imeshavimba na kutoa usaha, nenda kituo cha afya, wanachoma sindano ya ganzi na kuondoa ule upande wa kucha. Ni kazi fupi. Ukiwa na kadi ya bima onyesha kabla ya kuingia chumba cha upasuaji mdogo, kwa sababu wakishaandika ni fedha taslimu kurudisha ni vita.

Mama_Wawili

Kwa sisi tusio na bima kabisa, ushauri wako ni upi? Nasikia bima kwa wote, halafu nasikia CHF, halafu NHIF yetu ya Tanzania, nachanganyikiwa.

nesi_wa_gozi

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni mwaka 2023, na lengo lake ni kila mkazi awe na bima. CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), ile tuliyoizoea mikoani ya Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, ilikuwa inakwenda kwa ngazi: unaanza zahanati, wanakuandikia rufaa, unapanda hadi mkoa. Ukiruka ngazi unalipa mwenyewe. Nimeshuhudia familia ina kadi mkononi inalipa kila kitu kwa sababu ilikuja moja kwa moja hospitali kubwa.

Kwa mgonjwa wa miguu uliza haya kabla ya kulipa mchango wowote: usafishaji wa kidonda wa kila siku umo kwenye kitita cha huduma za bima hiyo? Gozi na bandeji wanatoa au nanunua? Kiatu maalum kimo? Na kama nina kisukari tayari, nasubiri muda gani kabla kadi haijaanza kufanya kazi? Kadi za kujiunga kwa hiari huwa na muda wa kusubiri, ndiyo maana kukata kadi siku kidonda kinapotokea hakusaidii sana.

Mwambie kila mtu nyumbani ajue hili pia: kidonda cha mguu kinakula hela kidogokidogo. Nauli, gozi, siku ambayo hujafungua genge. Muulize nesi kama zahanati ya mtaani kwako inaweza kusafisha kidonda katikati ya wiki na wewe uje kwetu mara moja. Wengi wetu tunakubali na tunaandika maelekezo kwenye daftari lako.

Babu_wa_Same

Mguu wangu umevimba, una joto, hauna kidonda, hauumi sana. Nina kisukari. Mjukuu ananichua kwa mafuta kila jioni.

nesi_wa_gozi

Shikamoo babu. Naomba mjukuu aache kuchua kuanzia leo, na wewe usiukanyagie. Weka mgongo wa mkono kwenye mguu huo, kisha kwenye mwingine. Kama mmoja una joto waziwazi kuliko mwenzake, kwa mtu wa kisukari inaweza kuwa mifupa ya mguu inalegea na kuvunjika ndani bila maumivu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unajificha, ndiyo maana natumia mkono. Ikigundulika mapema wanakufunga P.O.P ya kuzuia uzito na mguu unabaki na umbo lake. Ikikandwa na kutembelewa, unyayo unashuka na kutokeza chini kama tumbo la mashua na vidonda haviishi. Kesho hospitali babu, na mwambie daktari maneno haya: "Una joto, umevimba, na nina ganzi."

Babu_wa_Same

Marahaba. Una joto kweli, nimeshika. Mwanangu anakuja na gari asubuhi.

KijanaWaTandale

Sista na wadau, narudi na habari. Baba amelazwa siku kumi na moja. Wameondoa kidole kimoja, kile cheusi. Unyayo upo, kisigino kipo. Jana wamemruhusu. Sukari ilikuwa 24 siku tulipofika, sasa iko 9.

Barua ya mtendaji nilipata siku ya tatu nikaipeleka, dawa nyingine zikawa bure, antibaiotiki moja haikuwepo nikainunua nje, na gozi nanunua mwenyewe. Kila siku mbili nampeleka zahanati hapa Tandale kusafisha, Jumanne kliniki. Amepewa kiatu cha wazi mbele, kisigino ndicho kinachobeba. Hakipendi, anasema anatembea kama bata, lakini anakivaa.

Jana usiku nilimkuta amekaa kitandani ameshika kioo cha bi mkubwa, amekiweka chini ya mguu wa kulia, ule mzima, anaangalia unyayo kwa tochi ya simu. Nikamuuliza baba vipi. Akaniambia, "Njoo uniangalie hapa katikati ya vidole, mimi sioni vizuri." Nikaangalia. Palikuwa pakavu, hapana kitu.

nesi_wa_gozi

Msalimie sana baba. Jumanne aje na viatu vyake vyote vya nyumbani kwenye mfuko, hata vile vya msikitini, nataka nipitishe mkono ndani kimoja kimoja.